Jibu: Chai ya kijani inatoka chungu, ya tangawizi haina ladha

Pole ndugu. Umesema chai yako ya kijani yenye mnanaa inatoka chungu, ya tangawizi inakuwa kama maji ya moto tu, na zote unazimiminia maji yanayochemka na kuziacha dakika 10. Tatizo liko hapo hapo. Jani na mzizi haviandaliwi sawa.

Chai ya kijani haitaki maji yanayotokota. Yakichemka, epua, yaache yapoe kidogo hadi kama nyuzi 80, ndipo umimine. Dakika 2 au 3 zinatosha. Toa majani, yasilale kikombeni. Mnanaa tia mwishoni na ufunike kikombe. Ukifunua utaona matone chini ya kifuniko, yananukia kweli kweli. Hiyo ndiyo ladha uliyokuwa unaipoteza hewani.

Tangawizi ni kinyume chake. Iponde, itie kwenye maji yakiwa bado baridi, kisha ichemke kwa moto mdogo dakika 10 hadi 15. Mdalasini na iliki viingie nayo pamoja. Ndimu, kama unaipenda, kamulia ukishaepua.

Hiyo rozela uliyoulizia, yaani ile chai nyekundu ya maua, usiitie maziwa. Ina uchachu, yatakatika. Mimi nilishamwaga sufuria nzima.

Ila umetaja kwamba unameza dawa za presha. Rozela nayo inaweza kushusha presha, kwa hiyo kabla hujaifanya ya kila siku, muulize daktari au mfamasia wako. Ukianza kusikia kizunguzungu, iache kwanza.