Maswali na Majibu: Nishati ya ulimwengu inakwenda wapi?

Toleo lililopita niligusia kwamba ulimwengu kwa ujumla wake hauhifadhi nishati. Barua zimekuja.

Sisi tunawafundisha watoto kwamba nishati haiumbwi wala haiteketei. Tushike lipi? (Mwalimu, Tukuyu)

Shikeni hilohilo, mwalimu. Maji yanayozungusha mitambo ya Mtera, lori linalopanda Kitonga, kuni jikoni: hesabu inafunga bila senti kupotea. Ila kanuni ina sharti lake. Mwaka 1918 Emmy Noether, mwanahisabati wa Ujerumani, alithibitisha kwamba nishati huhifadhiwa pale ambapo kupita kwa muda hakubadilishi sheria zinazoendesha mambo. Katika nadharia ya Einstein ya mvutano, anga yenyewe, yaani nafasi iliyobeba vitu vyote, hujipinda na kutanuka. Ulimwengu unaotanuka hautimizi sharti hilo.

Shikamoo. Kuna ushahidi, au ni hesabu za ubaoni tu? (Mwanafunzi, Mafinga)

Marahaba. Upo, tena unapimika. Mwanga mkongwe kuliko wote tunaoupata ulianza safari ulimwengu ukiwa na miaka kama 380,000, joto likiwa karibu kelvini 3,000. Arno Penzias na Robert Wilson waliunasa kwa antena ya redio huko New Jersey, Marekani, mwaka 1964. Sasa umepoa hadi kelvini 2.7. Anga imetanuka, mawimbi yamerefuka kama mara 1,100, na kila fotoni, yaani chembe ya mwanga, imebaki na sehemu moja ya 1,100 ya nishati iliyoanza nayo. Hapo ndipo pa kukazia macho: idadi ya fotoni ni ileile, kila moja imepungukiwa, na hakuna kitu chochote kilichopashwa joto badala yake. Nishati ya giza, ile inayodhaniwa kuharakisha kutanuka kwa ulimwengu, nayo inakwenda kinyume. Haipungui katika kila mita ya ujazo hata anga ikitanuka, kwa hiyo jumla yake inapanda. Na hayo mawili hayafidiani.

Si imeingia kwenye mvutano? (Msomaji, Uyole)

Wapo wanafizikia wanaoupa mvutano nishati hasi ili hesabu ifunge. Mimi njia hiyo hainikai, maana nishati ya mvutano huwezi kuinyooshea kidole ukasema iko hapa: anayeanguka huru hauhisi mvutano kabisa. Hata hivyo milinganyo ya pande zote mbili ni ileile. Na palipo mbali na vitu vingine jumla inaeleweka vizuri: jozi ya nyota iliyogunduliwa na wanafizikia Hulse na Taylor mwaka 1974 inazidi kukaribiana, sawasawa na nishati inayochukuliwa na mawimbi ya mvutano, yaani mitikisiko ya anga yenyewe.

Kuna mtu ananiuzia jenereta isiyotumia mafuta, eti inavuta nishati ya giza. Nitoe hela? (Fundi, Makambako)

Usitoe, fundi. Ndani ya karakana yako kanuni inashika kama kawaida. Halafu nishati ya giza iliyomo katika kilomita nzima ya ujazo haifiki jouli 1. Hata ungeikamua yote, mfuko wa sukari wa kilo moja usingeuinua sentimita 10. Kama ulishatoa kianzio, kadai leo.