Wati 12,000 hazipiti kwenye plagi moja

SWALI: Sebule yangu ina urefu wa mita 5 na upana wa mita 4. Nina televisheni yenye tundu la HDMI lililoandikwa eARC, king'amuzi na deki ya Blu-ray, na ninataka sauti ya kuzunguka ya spika tano na sabufa. Dukani nimeonyeshwa risiva ya wati 80 kwa kila chaneli, na kando yake seti iliyoandikwa wati 12,000 PMPO kwa nusu ya bei. Muuzaji anadai kwamba risiva ile ni dhaifu. Je, ni kweli? Au nitafute prosesa inayojitegemea na amplifaya zake? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Si kweli. Nunua risiva. Prosesa inayojitegemea, yaani kasha linalopokea na kugawa sauti bila kuikuza, humfaa mwenye ukumbi mkubwa au spika zinazohitaji amplifaya nzito. Wewe utakuwa unalipia makasha mawili kwa kazi inayofanywa na moja, kwa maana risiva ni prosesa na amplifaya zilizokaa pamoja.

Linalonisumbua ni hizo wati 12,000, kwa sababu karibu kila wiki ninamwona mtu aliyekwisha kulipa fedha zake kwa kuamini tarakimu ya aina hiyo. PMPO, yaani nguvu ya kilele cha kitambo kidogo sana, haina kanuni ya upimaji inayokubaliwa na wote. Kila kiwanda hujipimia kipendavyo na kuandika kwenye katoni namba inayouza. Seti ya mwisho niliyoletewa ilikuwa na maelfu hayo hayo ubavuni mwa katoni, lakini nilipoigeuza, bamba dogo la nyuma lilisema volti 220–240, wati 65. Kifaa kinachovuta wati 65 ukutani hakiwezi kutoa hata hizo 65 mfululizo kwenye spika, kwa sababu sehemu yake inapotea kama joto. Isitoshe, plagi yetu ya pini tatu ina fyuzi isiyozidi ampea 13, na 13 mara volti 230 ni wati 2,990. Wati 12,000 zipitie wapi?

Kipimo cha kweli hutaja wati kwa kila chaneli, yaani njia ya sauti ya spika moja, kwenye spika ya omu 8 (omu hupima ukinzani wa umeme), kuanzia hezi 20 hadi 20,000, pamoja na asilimia ya upotoshaji na idadi ya chaneli zilizokuwa zikifanya kazi wakati wa kupima. Risiva nyingi hupimwa kwa chaneli mbili, na zote tano zikidai nguvu kwa pamoja kila moja hupata pungufu. Hilo lisikutishe, kwa kuwa ni nadra filamu kuzidai zote kwa kiwango cha juu kwa wakati mmoja. Spika ya kawaida inayotoa desibeli 88 kwa wati 1, ukiwa umbali wa mita 1, itakufikia kwenye kochi lililo mita 3 kwa takriban desibeli 97 ikipewa wati 80. Hicho ni kishindo kikubwa kwa sebule yako. Ukiziongeza wati hizo mara mbili utapata desibeli 3 tu zaidi.

Kinachostahili kuchunguzwa ni njia ambayo sauti inaingilia. Ikiwa nyuma ya seti kuna matundu ya rangi nyekundu na nyeupe peke yake, hapo zinaingia chaneli mbili, na spika tano zitagawana hizo hizo hata kama katoni imeandikwa 5.1, yaani spika tano na sabufa moja. Kupitia eARC, yaani tundu la HDMI linalopeleka sauti kutoka televisheni kwenda risiva, televisheni yako inaweza kuipa risiva sauti kamili ya deki, mradi tundu la risiva nalo liwe la eARC. Kama sivyo, chomeka deki moja kwa moja kwenye risiva. Usiongeze fedha kwa ajili ya Dolby Atmos, mfumo wa sauti inayotoka hadi juu ya kichwa, kama huna nia ya kuweka spika za juu. Ukishafunga, tumia maiki ya kupimia inayokuja na risiva, uiweke kochini pale kichwa chako kinapokaa, kwa usawa wa masikio, wala si sakafuni.

Tamaa ya wati ndiyo inayowapeleka watu kwa mafundi wa njia ya mkato. Nimefungua amplifaya ambayo fundi aliiunganishia spika mbili za omu 4 sambamba kwenye chaneli moja ili "ipige zaidi". Ukinzani ukashuka hadi omu 2, umeme mwingi mno ukapita, fyuzi ikakatika, naye akafunga uzi wa waya wa shaba mahali pake. Transista zilikuwa zimepasuka na bodi imekuwa nyeusi upande mzima. Fyuzi ile ilikuwa inailinda nyumba, na watoto walikuwa wamelala chumba cha pili. Fundi anayeweka waya badala ya fyuzi asiguse tena kifaa chako chochote.

Anayenunua mtumba naye asome bamba kabla ya kulipa: risiva zilizotengenezwa kwa soko la Marekani ni za volti 120 na za Japani ni za volti 100, hivyo zikichomekwa kwenye umeme wetu bila transfoma ya kushusha huungua mara moja. Muuzaji akikuzuia kuigeuza risiva na kusoma bamba hilo, ondoka na fedha zako.