Mleta mada, hiyo ofisi ya Njiro usisaini kwanza

Aisee mkuu usisaini. Ofisi ya Njiro usisaini, hao vijana wawili usiwaajiri, na huyo mwekezaji wako wa loji mwambie akupe wiki. Umeandika we ni mbunifu majengo hapa Arusha, na huyo mwekezaji amekuahidi kazi za kuchora loji za watalii kwa miaka mitano, Karatu halafu Tarangire halafu sijui wapi, sharti lake uachane na "vinyumba vya watu" ili utulie kwenye kazi zake, na we unaona umeula. Mi nimesoma hapo nikaacha chai ipoe.

Mwaka 2019 nilikuwa wewe. Ofisi ghorofani mjini kati, ina kiyoyozi, cha nini Arusha sijui maana Julai tulikuwa tunachora tumevaa makoti. Karibu robo tatu ya hela yangu ilitoka kwa kampuni moja ya kambi za watalii, na iliyobaki ilikuwa loji za watu wengine kwahiyo nikawa najidanganya nina wateja mchanganyiko. Mchanganyiko wapi, wote wanakula kwa mtalii yule yule anayeshuka KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, akikohoa yeye tunaumwa sote. Nikachukua mkopo nikanunua plota ya A0, ile printa kubwa ya kuchapia ramani. Nyumba za kawaida nikawa nazikataa, kuna mama mmoja wa Usa River alikuja na mchoro wake kwenye karatasi ya daftari, kaukunja vizuri kwenye pochi, nikamwambia hatufanyi kazi za saizi hiyo. Nilisema "hatufanyi", wingi kabisa, kama Ikulu.

Na haya sikuyatoa kichwani kwangu. Kuna mzee mmoja wa fani, simtaji, alitupigia semina anasema mbunifu majengo wa kisasa achague kona moja aibobee, vibanda awaachie mafundi, ndo fani itaheshimika. Tukapiga makofi. Baadaye sana ndo nakuja kujua mzee ana nyumba za kupangisha, kodi inaingia awe amechora au amelala!! Sasa mtu kama huyo kona moja itamuuma nini? Mpaka leo nikimuona kwenye harusi nahama meza, sina chuki naye, nalinda presha yangu tu.

Ikaja Machi 2020. Wale mnaokumbuka, mgonjwa wa kwanza wa korona kutangazwa nchini, tarehe 16, alikuwa msafiri aliyeshukia hapo hapo KIA. Mteja wangu hakunidhulumu wala nini, alituma ujumbe wa heshima kwamba "tunasitisha kwa muda", na loji zile nyingine nazo zikatuma ujumbe wa heshima, yaani heshima tupu. Na mkataba niliosaini kwa furaha zangu ulisema fungu kubwa nalipwa ujenzi ukianza. Michoro yote ilikuwa imeisha, mpaka mabomba, mpaka kitasa cha mlango wa bafu, na ujenzi haukuanza. Nikabaki na ramani za mahema ya kifahari ambazo hakuna binadamu anazihitaji, huku pango linadaiwa, mishahara inadaiwa, na benki hawajui hema ni nini.

Nikafunga. Vijana wakaondoka, mmoja alikuwa anachora kunizidi mimi, sa hivi anauza vipuri Moshi na ukimtajia ramani anabadilisha mada. Mnaongea mustakabali wa fani mnaongea majengo ya kijani, yale yanayojali mazingira, mi nawaambia chuo ni miaka kibao, halafu bodi ya kusajili wabunifu, halafu mtu kama yule anapotea kwa sababu bosi wake alikuwa na mteja mmoja. Plota nayo ikageuka kuchapa mabango ya kipaimara na harusi. Uso wa bwana harusi kwenye A0 unatisha, ila ulilipa umeme.

Kilichoniokoa ni kwamba watu hawakuacha kujenga. Yule mama wa Usa River nilimtafuta mwenyewe, mkia katikati ya miguu. Fundi alishamsimamishia ukuta mpaka lenta kwa ramani ya kutumiwa WhatsApp, sebule kioo kizima kinatazama magharibi, na fundi anaiona nzuri. Huku tuko digrii 3 na ushee kusini mwa ikweta, Juni jua linapita kaskazini, Desemba kusini, pande hizo mbili ukirefusha upenu wa paa umemaliza, ila jua la saa kumi jioni linaingia kwa chini, upenu haulizuii. Tukaziba dirisha kubwa, tukaliweka kaskazini. Halafu maji: kisima cha jirani kina madini ya floraidi kama vingi upande huu wa Meru, wajukuu meno yameshakuwa kahawia. Bati la mita za mraba 100, mvua ya milimita 10, hapo kuna lita 1,000 kabla hujatoa zinazopotea, kwahiyo tukapanga mifereji na tanki la kunywa kabla hajapaua. Akalipa kidogo kidogo kwa M-Pesa, kila hatua kabla sijachora inayofuata, na akaleta ndugu zake wote hadi nikamkimbia.

Kwahiyo kanuni yangu, na hapa sibishani na mtu: hakuna mteja MMOJA anayezidi theluthi ya mapato, na hakuna SEKTA moja inayozidi theluthi. Sekta, umeelewa chalii? Loji nne siyo wateja wanne. Huyo mwekezaji kazi yake chukua, hela ya kila hatua mbele, vinyumba usiache. Akikomaa anataka uwe wake peke yake muulize kama atakulipa kila mwezi hata kazi isipokuwepo. Mtu anayetaka kukumiliki kama mwajiri alipe kama mwajiri. Atakavyojibu hapo, uje utuambie.

Uliuliza pia programu ya kuchorea, akili mnemba, na kile cheti cha majengo ya kijani... tumia hiyo hiyo uliyonayo, hayo mengine wadau watakuja. Ofisi, geuza chumba kimoja cha nyumbani. Plota usinunue, ipo yangu, njoo inboksi tuongee bei.