Unaomba hela ya utafiti wa himofilia? Anza kwa kuifuata tyubu ya damu

Andiko langu la kwanza la kuomba ruzuku lilijaa kurasa za kueleza ukubwa wa tatizo, watoto wenye himofilia, ugonjwa wa kurithi ambao damu haigandi vizuri, wanavyovimba magoti, akina mama wanaotoka hedhi nzito miaka nenda rudi bila kujua kama wana von Willebrand, ugonjwa mwingine wa kurithi wa damu kutoganda vizuri, yote kweli na yalikuwa yananiuma, lakini likapigwa chini. Kwenye maoni ya wapitiaji kulikuwa na swali moja fupi: damu itasafirishwaje kutoka kliniki mpaka maabara? Mimi nilikuwa nimeandika "kwenye barafu".

Wanaozijua hizi kazi wameshashtuka. Damu ambayo haijatenganishwa plazma yake (yale maji ya damu) ikikaa kwenye baridi, kiwango cha protini ya von Willebrand kinaweza kushuka, faktori ya 8, protini nyingine ya kugandisha damu, nayo hivyohivyo, yaani unamchukua mtu mzima wa afya unamwandikia ugonjwa wa kurithi kwa sababu ya barafu!

Kwa hiyo kabla hujaandika hata utangulizi, ifuate tyubu moja kwa miguu yako. Ile ya kifuniko cha bluu yenye sitreti, kemikali ya kuzuia damu isigande, ijazwe mpaka kwenye mstari, sehemu 9 za damu kwa 1 ya sitreti, maana ikipungua sitreti inazidi na damu inaonekana inachelewa kuganda. Halafu uliza inakaa wapi, nani anaizungusha kwenye mashine kutenganisha plazma (mara mbili, ili chembe sahani, zile chembe ndogo za kugandisha damu, zisibaki kwenye plazma), friza inafika nyuzi -70 au ni ile ya kawaida tu, umeme ukikatika je. Na kuyeyusha iwe haraka, nyuzi 37. Ukiiacha iyeyuke polepole kwenye friji faktori ya 8 inajikusanya kwenye mashapo na kipimo chako kinadanganya. Ni jambo lilelile ambalo mtafiti wa Marekani Judith Graham Pool aliligundua akalitoa mwaka 1964, yale mashapo ndo yakawa dawa, krayo, iliyookoa watu wengi sana. Kila hatua hapo ni mstari kwenye bajeti, na bajeti ya namna hiyo inasomeka kama ya mtu aliyeshaifanya kazi.

Lingine, usichanganye mifuko. Shirikisho la Himofilia Duniani, WFH, lina feloshipu za mafunzo, unapelekwa kwenye kituo chenye uzoefu ujifunze kuhudumia wagonjwa au kazi za maabara, sio hela ya kufanyia utafiti wako. Feloshipu ya Marekani yenye jina la huyohuyo Pool ni ya watafiti waliomaliza udaktari wa falsafa au udaktari wa tiba. Soma masharti mpaka mwisho, kuna mtu namfahamu alipoteza miezi akiandikia mfuko ambao hakuwa na sifa nao.

Safari ya pili niliuliza swali dogo tu, kwamba wagonjwa wetu wangapi majibu yao ya kwanza yanabadilika tukirudia kipimo kwa utaratibu sahihi, nikapata. Haikuwa hela nyingi. Ila mtu wa maabara niliyekuwa namsumbua kila siku kuhusu friza nilimwandika kama mtafiti mwenza tangu ukurasa wa kwanza, na wewe fanya hivyo, nenda ukae naye kabla hujamtafuta profesa wa kukusainia.