Kamera ya laki na nusu inatosha, hela iliyobaki peleka kwenye sauti

Mdogo wangu wa Masasi kaniuliza juzi anunue kamera gani aanze kupiga video za harusi, na kabla sijajibu keshanitumia picha za kamera za milioni mbili na kupanda. Nikamwambia subiri kwanza, laptopu unayo? Kimya. Basi hii naandika kwa ajili yake na kwa yeyote wa huku kusini anayetaka kuanza na hela ya korosho ya msimu mmoja tu.

Mi nilianza na hendikamu ya mtumba, Sony HDR-CX405, hizi zilitoka mwaka 2015, niliinunua laki na nusu kwa jamaa aliyekuwa anahama Mtwara anauza kila kitu mpaka ndoo. Inaenea kiganjani, inapiga full HD, zumu ya lenzi inavuta mara 30, na waya wa USB umejificha kwenye mkanda wa kushikia, unachomoa unachomeka kwenye laptopu basi, inachaji humohumo. Kwa anayeanza sioni unachohitaji zaidi. Kasoro yake moja kubwa ni kwamba haina tundu la kuchomekea maiki ya nje, na mi wakati nanunua hata sikuangalia, nilikuwa nashangaa zumu.

Kazi ya kwanza harusi ya binamu yangu, Shangani karibu na bahari, mwezi wa saba, upepo wa kusi umekaza kweli kweli. Baba mkubwa kasimama katoa nasaha dakika kumi, watu wanafuta machozi pale, mi najisifu nimempata uso vizuri kabisa. Kufika nyumbani nafungua, midomo inacheza tu na vuuuuu mwanzo mwisho. Picha ukiwa na kiza kidogo watu wanakusamehe, sauti ikiwa mbovu hakuna anayeangalia hata dakika mbili, na we mwenyewe utaona aibu kumkabidhi mtu.

Nilichofanya baada ya hapo ni rahisi mno mpaka najuta. Kwanza nilikata kipande cha sponji ya godoro nikakibandika kwa soltepu juu ya vitundu vya maiki vya kamera, upepo unapungua sana. Pili, na hii ndo yenyewe, simu yangu ya zamani yenye kioo kilichopasuka naiweka flaiti modi (usisahau, ikipigwa katikati ya nasaha umekwisha), nawasha rekoda, inaingia mfuko wa shati la anayeongea, shehe au mshereheshaji au nani. Kamera ikishaanza kurekodi napiga kofi moja la nguvu mbele yake, simu ikiwa karibu. Kwenye kuediti unaona lile kofi limesimama kama msumari kwenye sauti ya simu na kwenye sauti ya kamera, unavisogeza mpaka vilingane, alafu sauti ya kamera unaizima. Kama shughuli ni ya saa nzima piga kofi lingine mwishoni, maana vifaa viwili vikienda muda mrefu vinaachana kidogo na midomo inaanza kuchelewa.

Mwanga sasa. Mikindani pale kwenye Boma la Wajerumani la 1895 kila maharusi wanataka kupita, na kuta zile ni nyeupe. Saa saba mchana ukimsimamisha bi harusi mbele ya ukuta mweupe kamera inaona weupe umezidi inapunguza mwanga yenyewe, uso wa mtu unakuwa kama kivuli. Nenda saa kumi na moja jioni, au watoe kwenye ukuta uwaweke chini ya mwembe, au kama kamera yako ina sehemu ya kugusa uso kwenye kioo, gusa uso. Sio swala la kamera ya bei.

Ukinunua mtumba uliza imetoka wapi. Nyingi zilizouzwa kwa soko la Japani menyu yake ni Kijapani tu na huwezi kubadilisha, nimeona mtu anabonyeza kwa kubahatisha mwaka mzima. Alafu za Japani na Marekani zinapiga fremu (picha moja moja zinazounda video) 30 au 60 kwa sekunde wakati umeme wetu ni hezi 50, ukiingia ukumbini kwenye taa za tyubu picha inapepesa pepesa. Tafuta ya PAL, yaani mfumo wa video wa nchi za umeme wa hezi 50, inayopiga fremu 25 au 50, au yenye uwezo wa kuweka shata (muda ambao kila fremu inapokea mwanga) 1/50 ya sekunde.

Kadi ya kuhifadhia video, hapo mi nilipigwa. Nilinunua duka moja, imeandikwa gigabaiti 64, nikapiga sherehe nzima, kumbe ndani ni ya 8, nusu ya pili haipo wala haifunguki. Ilibidi nirudishe hela na nikanuniwa miezi. Siku hizi kadi mpya siiamini mpaka niipitishe kwenye H2testw, programu ya bure ya Windows, inaijaza kadi yote kisha inasoma kama kilichoandikwa kipo kweli. Inachukua muda, iache ikifanya kazi we nenda kale ming'oko. Kwa hesabu, ukipiga AVCHD (aina ya faili la video la hizi hendikamu) ya megabiti 24 kwa sekunde saa moja inakula karibu gigabaiti 11, kwa hiyo kadi ya 32 ni saa tatu kasoro. Beba mbili.

Kuediti watu wanaogopa bure. Movie Maker ya zamani ambayo wote tulijifunzia Microsoft waliachana nayo Januari 2017, usihangaike kuitafuta vichochoroni utaletea laptopu virusi. Mi natumia Shotcut, ya bure kabisa, unapakua mara moja bando likiwepo na baada ya hapo haikudai kitu. Miezi yangu sita ya mwanzo nilijua herufi mbili tu, S inakata klipu pale ulipo, X inaondoa kipande na kuvuta kilichobaki, harusi nne nimezitoa hivyo. Laptopu yako ya RAM ya gigabaiti 4 itagoma goma kwenye full HD, washa proksi kwenye setingi, inatengeneza nakala nyepesi za kuchezea halafu mwisho inatoa zile halisi. Na sevu kila dakika, gesi ya Mnazi Bay ya kuzalishia umeme iko hapo mlangoni kwetu na umeme unakatika vilevile.

Madoido ya mioyo inayoruka na herufi zinazozunguka, tafadhali. Hapana.

Moja la kwetu: ukiitwa kwenye unyago, cha kupiga ni siku mwali anatoka, ngoma ya uwanjani na zawadi. Ya ndani hayapigwi, hata ukiwa mwanamke, na hata ya nje muone nyakanga, yule mkuu wa unyago, kwanza mpe heshima yake. Kuna kijana alijifanya mjanja kuchungulia na kamera, alitolewa kwa mchi.

Kukabidhi, ukituma WhatsApp tuma kama dokumenti, inapokea mpaka gigabaiti 2 na picha haibanwi, ukituma kama video ya kawaida inafika imechujuka. Bibi harusi wangu wa mwisho alikuwa wa Newala na mama yake hana simu kubwa, nikaweka kwenye flashi, nikaifunga ndani ya bahasha, nikampa konda wa basi la asubuhi na buku mbili ya soda. Saa nane mama kapiga, analalamika mbona shangazi yake mtu hajaonekana anavyocheza.