Programu ya kurekodia muziki kwenye kompyuta ndogo

Ndugu yangu wa Masasi, umeuliza ni programu ipi itakayofaa kurekodia uimbaji na ngoma za sindimba nyumbani, kwa kompyuta mpakato yenye RAM ya GB 4. Mimi, hapa Mikindani, ningechagua Reaper, kwa kuwa ni nyepesi, hujaribiwa bure kwa siku 60, na leseni yake ya bei nafuu ni dola 60 za Marekani. FL Studio ni hodari kwa midundo, lakini toleo lake la majaribio halikuruhusu kuifungua tena kazi uliyoihifadhi. Unaporekodi, weka bafa (kiasi cha sauti ambacho kompyuta hukikusanya kabla ya kukichakata) kwenye sampuli 128, yaani vipande vidogo mno vya sauti, ambazo kwa kasi ya sampuli 44,100 kwa sekunde ni takribani milisekunde 3, ili mwimbaji asiisikie sauti yake ikichelewa kwenye hedifoni. Unapochanganya sauti ulizorekodi, ipandishe bafa hadi sampuli 1,024 ili kuipunguzia prosesa mzigo. Ngoma zisivuke desibeli -10 hivi kwenye kipimo cha sauti cha programu, kwa sababu sauti iliyopasuka wakati wa kurekodi ni vigumu mno kuitengeneza baadaye. Na kama nyumba yako ni ya bati lisilo na dari, subiri mvua ikatike kwanza.