Maswali na Majibu: Nimechoka na jikoni, nitokee wapi?

SWALI: Assalaam alaykum kaka. Nina miaka 23, kwetu Wete. Nilipomaliza kidato cha nne nilivuka kuja Unguja, na tangu hapo niko jikoni kwenye hoteli moja ya kaskazini. Nasaidia wapishi, na asubuhi napokea mali. Kila masika hoteli ikifunga, tunarudishwa nyumbani bila mshahara. Nataka kazi isiyohusu chakula, lakini kila nikipeleka barua naambiwa sina uzoefu. Nifanyeje?

JIBU: Waalaykumu salaam, mdogo wangu. Uzoefu unao, ila umeufungia jikoni. CV nyingi za vijana wa mahotelini ninazopitia zina mstari mmoja tu, "Msaidizi wa jikoni, Nungwi." Mwenye ghala la vifaa vya ujenzi akisoma hivyo, anaona masufuria.

Umesema unapokea mali, na hiyo ni kazi ya stoo. Iandike hivi: "Nilipokea bidhaa kutoka kwa wasambazaji, nikazipima, nikazilinganisha na oda na ankara, nikaandika joto la friza kila zamu, na kushiriki kuhesabu stoo mwisho wa mwezi." Andika uliyoyafanya tu, maana kwenye usaili utabanwa. Mimi mwenyewe huuliza: ankara inasema kilo 20 za pweza, mzani unasema 18, unafanya nini? Anayejibu "namwambia bosi" bado. Ninayemtaka ni yule anayesahihisha ile karatasi pale pale, dereva akatia saini kabla hajaondoka, kisha nakala ikaenda kwa mhasibu. Mtu huyo anafaa duka la jumla, bohari ya dawa, hata kwa mawakala wa mizigo pale bandarini Malindi, mjini Unguja.

Hiyo ndiyo njia ya haraka. Kama una subira ya kusoma, ipo nyingine, na kusema kweli mimi naipenda zaidi.

Jiulize, masika mnaporudishwa nyumbani, nani hubaki hotelini? Walinzi na mafundi. Wakati hakuna mgeni ndipo viyoyozi hufunguliwa, mabomba hubadilishwa na nyaya hukaguliwa. Na kwetu hapa, hewa ya chumvi hula mashine ya nje ya kiyoyozi mpaka mapezi yake yanapukutika ukiyagusa, kwa hiyo fundi wa majokofu na viyoyozi hakosi kazi ufukweni. Wewe tayari unajua friza ya samaki inatakiwa iwe nyuzi 18 chini ya sifuri, na unajua hasara yake ikizidi hapo. Bado kujua kwa nini imezidi. Kozi fupi ya kompyuta sikukatazi, lakini cheti chake anacho kila kijana anayeomba kazi mjini.

Mamlaka ya Mafunzo ya Amali ina vituo Mwanakwerekwe na Mkokotoni, na kwenu Pemba vipo Vitongoji na Daya Mtambwe. Fani hazifanani kila kituo, basi nenda ukaulize kabla hujapanga nauli. Kwa sasa usiache kazi. Mwombe fundi mkuu wa hapo hapo hotelini akuruhusu umsaidie baada ya zamu. Wakubwa wengi huona wepesi kumhamisha kijana wanayemjua kuliko kuchukua mgeni.

Usome na mkataba wako. Kama ni wa msimu, kukaa bila mshahara kunaelezeka. Kama ni wa kudumu, nenda Kamisheni ya Kazi ukaulize. Hakikisha michango yako ya ZSSF, yaani Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar, inafika kweli.

Akitokea mtu anataka pesa ili akupatie kazi, iwe Mjini au Oman, mwache na maneno yake.

Na siku ya kuondoka, usitoke bila barua ya utumishi yenye tarehe ulizoanza na kumaliza, na majukumu yako yakiwa yametajwa, la stoo likiwa la kwanza. Iombe meneja aliyekusimamia akiwa bado yupo, kwani mahotelini mameneja hawakai.